Hamira ya Mikono Mitatu

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua wake wenza hawaamkiani hivyo, na ungekuwapo ungeniambia niache unafiki wa mjini, lakini leo nakuandikia, na barua ina adabu zake. Mume wetu hajambo. Ameamka, ameswali, amekaa barazani na ile redio yake inayokoroma kuliko inavyosema, kikombe cha chai kiko mkononi. Naanza na huyo kwa sababu ndiye ungemuulizia kwanza, halafu ungejifanya hujamuulizia.

Jana ilikuwa arobaini yako, Bibi. Leo asubuhi vijana wamekuja kushusha turubai, mikeka imerudi msikitini, na masufuria ya kuazima yamesuguliwa mpaka yanang'aa kuliko yalivyokuja. Uani kumebaki mimi, kuku wako wale wawili wasiotaka kufa, na harufu ya hamira. Hiyo harufu nitakueleza inatoka wapi. Ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Siku moja mwanangu akiiona barua hii atauliza ilikuwaje nikawa mke mwenza wa bibi yangu mzaa baba. Nitamwambia hukuniuliza. Nilizaliwa hapa hapa Kerege, ukanipakata, ukamwambia Babu, "Mzee Athumani, umeletewa mke mdogo, sasa mimi nitapumzika." Tangu siku hiyo ukawa unanilaumu kwa kila kitu wanacholaumiwa wake wadogo: nakula sana, nalala sana, nimemroga mume. Nami nilipoanza kusema nikakujibu. Watu wengine wana bibi wa kuwahurumia. Mimi nilipewa bibi wa kugombana naye, na sijawahi kutamani mwingine.

Ndiyo maana ulinipa ule wosia. Ulikuwa umelala chumbani, umeshapungua, kanga inakuzidi, nami nakukanda miguu. Ukasema, "Usinizike kimya, Zena. Mimi bibi yangu nilimzuia mlangoni kule Miono. Nilivaa kanga zake, nikachechemea kama yeye, wachukuzi wa jeneza wakacheka mpaka wakaliweka chini." Ukanitazama. "Nawe ukinililia tu kama mgeni nitakujia usingizini." Nikasema haya, Bibi, nitakutania mpaka uone haya. Ukaridhika, ukalala.

Nikakuzika kimya.

Ilipofika saa ya kutoka, wanaume wamelinyanyua jeneza, nilikuwa nimesimama pale pale anaposimama mjukuu, kwenye kizingiti. Kanga yako ya rangi ya manjano nilikuwa nayo mkononi. Kazi ilikuwa nyepesi. Nijitande, nitandaze mikono, niseme mke mwenzangu hatoki mpaka akiri mbele za watu kwamba mume ni wangu peke yangu. Nilikuwa na maneno hata ya akiba. Babu alikuwa nyuma ya jeneza, ameinua uso, ananisubiri. Nikafungua mdomo, nikaona kama nikitoa neno moja tu litatoka na kila kitu kilichokuwamo ndani, na hakitarudi. Nikawapisha. Walipita wakaenda, na Babu alipita mbele yangu bila kunitazama.

Hakuna aliyenilaumu. Shangazi Pili, mwanao, alinikumbatia akasema basi, imeshapita. Lakini haikupita, maana kilichofuata ni Babu.

Wewe unajua kifungua kinywa cha nyumba hii. Mkate wa kumimina ukitoka jikoni, kabla hujaupeleka kuuza mezani kwako barabarani, kipande cha kwanza ni chake. Anakata, anatafuna, anatazama juu kama kadhi anayetaka kutoa hukumu, anasema, "Sukari haitoshi." Nawe bila kugeuza hata shingo, "Kaoe." Anacheka. Anamaliza chote. Nimekua nikisikia hayo kabla sijajua maana ya kuoa. Nilidhani ndivyo watu wanavyosema bismillahi.

Tangu tukuzike akawa hasemi hayo. Mama alimpelekea mkate wa dukani, akala nusu, akasema, "Ahsante." Kesho yake chapati, "Ahsante." Mzee Athumani, Bibi, anasema ahsante. Tulitazamana jikoni kwa hofu. Shangazi Pili akaniambia polepole, tukiwa tunachambua mchele, kwamba mzee anasubiri. Mkewe katoka mlangoni bila kutaniwa, na kwake yeye ni kama hajaagwa. Akasema tumebakiwa na arobaini tu. Baada ya arobaini matanga yamekwisha, na mjukuu akianza kuvaa kanga za marehemu na kuigiza watu watamwona kichaa.

Basi nikawa na siku moja tu ya kurekebisha, na nilivyokuwa naiogopa hiyo siku, ningeweza hata kujifanya naumwa.

Nikuambie nilichofanya. Nilipiga hesabu. Wewe unanijua, nikiogopa napiga hesabu. Nikajisemea: kama kizingitini, na jeneza limefunikwa, nilizidiwa hivyo, je nikivaa nguo zako, nikakaa kwenye kigoda chako, nikasema kwa sauti yako, mbele ya watu wanaokujua, itakuwaje? Kila nilipojumlisha jibu lilitoka kubwa kuliko mimi. Nikawa na hakika nitapasuka, na nitamharibia Babu hata ile ahsante.

Hapo ndipo ungeniambia, "Hesabu zako tunazijua."

Unakumbuka alasiri ile uliponiuliza hasa nasoma nini? Bi Tatu, shoga yako, alikuwa anakubana, nawe ulikuwa unamjibu kwamba mjukuu wako anasoma nyota, na yeye akadhani napiga ramli. Ulikuwa umekalia mbuzi unakuna nazi. Nikakwambia nasoma utupu. Nikasema, Bibi, ondoa nyota zote, ondoa vumbi, ondoa hewa, ondoa hata mwanga. Kinachobaki ndicho ninachosoma. Ukaacha kukuna. "Yaani wamekupeleka chuo kikuu ukasome kitu ambacho hakipo." Nikakwambia kipo, utupu una nguvu ndani yake. Ukacheka mpaka kifuu kikakuponyoka.

Nikaona nitumie tui. Nikakwambia, tui la kwanza, kasimile, ni zito. Ukiongeza maji linakuwa jepesi, ukiongeza tena unabaki na maji meupe. Ulimwengu nao unatanuka, na kila kilichomo ndani yake, nyota, gesi, mwanga, kinazidi kuwa haba kama tui linalotiwa maji. Ila utupu. Utupu ukiongezeka, ule mpya unakuja na nguvu yake ile ile. Ni tui ambalo unamimina maji na kumimina, nalo linabaki kasimile. Na nguvu hiyo ndiyo inayousukuma ulimwengu uzidi kutanuka kwa kasi. Hapo hukucheka. Uliniuliza tui hilo linauzwa wapi.

Ndipo nikakutolea siri ya aibu yetu. Nguvu hiyo ya utupu tunaiita namba isiyobadilika ya ulimwengu, na kuna njia mbili za kuijua. Ya kwanza unakaa na kalamu unaikokotoa kutokana na kanuni za vitu vidogo kabisa, kanuni ambazo kwingine hazijatuangusha. Ya pili unatazama mbinguni, unaangalia galaksi zinavyoachana, unapima. Majibu yangepaswa kukaribiana. Lakini la kalamu ni kubwa kuliko la kupima kwa moja yenye ziro zaidi ya mia nyuma yake. Kama la kalamu lingekuwa kweli, ulimwengu ungetawanyika kabla nyota moja haijawaka. Pasingekuwa na Kerege, wala nazi, wala Bi Tatu wa kuuliza maswali. Kilichopimwa ni kidogo mno, uani hapa hukihisi kabisa. Lakini si sifuri. Kingekuwa sifuri tungetafuta sababu ya mambo kufutana tukalala. Kidogo kiasi hicho, na bado si sifuri, hilo hakuna anayejua kwa nini.

Ulisikiliza yote. Ukasema, "Basi mpika hesabu wenu katia chumvi." Ukaendelea kukuna nazi. Na tangu siku hiyo nikishuka tu kutoka mjini, kabla sijaweka begi, unaniuliza, "Mmeshapata?" Nasema bado. "Haya, kula."

Hujui ni mara ngapi hiyo "haya, kula" ilinifanya nirudi chuoni. Kuna muhula nilitaka kuacha. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura nzima ya tasnifu, wenzangu wameshaajiriwa, mimi niko na ziro zangu. Nikaja nikakuambia bado, na pengine haitapatikana katika uhai wangu. Nilidhani utanihurumia. Ulisema mbona chakula unachokula leo hukijui kilivyomea, na unakula. Halafu ukaniongezea samaki.

Ile habari ya mwanzo wa ulimwengu uliishika upesi zaidi, kwa sababu ilikuwa kazi yako. Ulikuwa unakoroga rojo la mkate, nami nikakwambia wengi wetu tunaamini kwamba mwanzoni kabisa, katika kipande cha sekunde ambacho ukipepesa jicho umeshachelewa mno, ulimwengu uliumuka. Kitu kidogo kuliko punje ya ufuta, tena kidogo mno, kilitanuka ghafla kupita kiasi, kisha kikatulia, kikaendelea kutanuka taratibu. Ndiyo maana joto la zamani lililobaki angani linakaribia kulingana pande zote, hata pande ambazo hazijawahi kukutana tangu hapo. Zamani zilikuwa rojo moja. Na mikunjo midogo iliyokuwamo ilivutwa ikawa mikubwa, ndiyo iliyokuja kuwa mbegu za galaksi.

Ukauliza, "Hamira ilikuwa gani?" Nikasema hatujui, tumeipa jina tu. "Na nani aliizima? Rojo lisipotiwa motoni kwa wakati wake linamwagika." Nikasema hilo nalo tunabishana. Ukatikisa kichwa. Ukasema hamira ni ya Mungu, sufuria ni yake, na nyie mmekaa pembeni mnanusa. Nilicheka, maana ni kweli, tunanusa. Hukuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo na swala yako ya alasiri. Ulifunika sufuria, ukaenda kutawadha.

Ila hamira yako wewe, Bibi, ndiyo iliyotuponza jana.

Siku zote mchele tulikulowekea sisi. Iliki aliponda Mama. Nazi alikuna Shangazi Pili siku mgongo wako ulipouma. Lakini hamira hukumwachia mtu. Ulitupa kisogo, ukatia kwa mkono wako, ukataja jina la Mungu, ukafunika. Hata kiasi hatukukiona. Ukienda kwa mkwe, ukienda hospitali, mkate haukupikwa. Hatukuwahi kukuuliza itakuwaje usipokuwapo. Nani angeuliza swali kama hilo?

Tukakubaliana jana kwamba khitma yako haiwezi kwenda na mkate wa dukani. Mchele ulisagwa alfajiri, tui likakamuliwa, rojo likajaa ile sufuria yako kubwa ya harusi. Halafu tukatawanyika, kila mtu na kazi yake, na hakuna aliyesema lolote kuhusu hamira. Mimi nilikuwa nafagia. Nikaitazama ile sufuria imefunikwa, nikajisemea, mjukuu wake ni mimi, mke mwenza ni mimi, huu mkono ni wa kwangu. Nikasubiri watu wasinione. Nikawapa watu kisogo kama wewe, nikataja jina la Mungu, nikatia, nikakoroga, nikafunika. Nikajisikia mwizi, na nikajisikia mrithi.

Kumbe Mama alikuwa ameshatia. Yeye ni mkweo, amekaa jikoni kwako tangu alipoolewa, akaona ni haki yake, naye akasubiri asionekane. Na kabla ya Mama alikuwa ameshatia Shangazi Pili, binti yako wa kuzaa, ambaye hakuona kwa nini aombe ruhusa.

Jua la Kerege unalijua. Haikuwa hata adhuhuri tukasikia mfuniko unagonga. Tukageuka sote watatu. Mfuniko ulikuwa umeinuka, umekaa juu ya rojo kama kofia, na rojo linashuka pande zote, limevuka ukingo wa sufuria, linakuja taratibu kwenye mkeka, jeupe, linapumua. Kuku wako wakarudi nyuma. Shangazi Pili akamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Hakuna aliyeuliza, maana kila mmoja alikuwa ameshajijua, na kwa nyuso tulizokuwa nazo kila mmoja akawajua wengine.

Pale uani walikuwa wanawake wa mtaa mzima, wanamenya vitunguu, na wote wakaigeukia sufuria. Mkate wa khitma unamwagika. Wakawa hawajui kama wacheke au waseme pole.

Bibi, sikupanga. Ile kanga ya manjano ilikuwa kwenye kamba ya nguo, karibu yangu. Niliivuta, nikajifunga vile ulivyokuwa ukijifunga, juu kabisa, kama mtu anayekwenda kupigana. Nikaokota pepeo la ukindu. Nikachukua kigoda chako nikakaa, mguu mmoja nikaunyoosha mbele, ule wa kulia wenye goti bovu. Nikashusha pumzi kupitia puani. Na sauti ikatoka.

"Nimegeuka kidogo tu, mmeshanimwagia ulimwengu."

Bi Tatu, aliyekuwa na kisu na kitunguu, akaangua kicheko kile chake cha kukohoa, na hapo tena ikawa hakuna wa kunizuia. Nikamgeukia Mama nikamwambia weye mkwe, mkono wako mzito tangu siku ulipoletwa, nilisema nikanyamazishwa. Nikamwambia Shangazi Pili weye nilikuzaa hamira ikiwa kichwani, leo nimeiona imetoka. Mama akawa anacheka analia, amejishika kiuno. Nikasema na huyo Zena, huyo mke mwenzangu mwenye macho ya kitabu, utupu umemshinda chuo kikuu, kaja kumalizia kwenye sufuria yangu. Ati ulimwengu uliumuka ghafla na hajui nani alitia hamira. Mimi namwambia walikuwa wanawake watatu, kila mmoja kajificha mwenzake asimwone.

Nimeiwasilisha mada hiyo mbele ya wahadhiri, na slaidi, na grafu, na nikaona wanapiga miayo. Jana uani nimeieleza yote kwa sauti yako, tui na kasimile na ziro zake, na wanawake wa Kerege walisikiliza visu vikiwa hewani. Sijui kama waliamini. Bi Tatu akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaniuliza, yaani akakuuliza wewe, "Mwamvua, huko kukoje?" Nikamwambia kuna nafasi tele, njoo, nimekuwekea kiti. Akasema angekuja, ila ana nguo kwenye maji.

Wanaume walikuwa wanasikia, barazani siyo mbali. Niliambiwa baadaye kwamba shekhe alikohoa, akaanza kutafuta miwani yake iliyokuwa usoni. Na niliponyanyua macho nikamwona Babu amesimama kwenye mlango wa uani, amejishikiza kwenye fremu. Sikumwona alipofika. Akarudi alikokaa.

Tukakomba rojo lililobaki, tukapika. Tulipalia makaa juu ya mifuniko kama ulivyotufundisha, tukaomba Mungu. Mkate ulitoka na matobo, Bibi, matobo makubwa na kuta nyembamba katikati yake. Nikauangalia nikacheka peke yangu, maana ramani za galaksi zinafanana na hivyo hivyo. Ulinukia hamira hadi nje. Baada ya khitma na dua tukaupitisha na chai, na watu kwa heshima yako walikula.

Kipande cha kwanza nilimpelekea yeye. Nilikuwa bado nimejifunga kanga yako, nilisahau kuivua, au labda sikusahau. Alikikata. Akatafuna. Watu wa baraza nzima walikuwa wanajifanya wanaongea. Akatazama juu.

"Sukari haitoshi."

Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na haki, kwa sababu ile hamira ya mikono mitatu ilikuwa imeshaila sukari yote. Nikaisikia ile ile ya kizingitini inapanda, nikajua imekuja. Nikasubiri inipasue. Haikunipasua. Ilinijaa tu, kisha ikakaa. Nikampa kisogo, nikatazama barabarani kama nina kazi nyingine ya maana.

"Kaoe."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alicheka, mke mwenzangu, halafu akalia, akajifuta kwa mkono wa kanzu mbele za watu bila kujali, halafu akamaliza kipande chote na kunyoosha sahani apewe kingine. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda chako, nami nikalia sana. Lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyeshiba.

Sasa sikiliza nilichokuja kukuambia. Nilikokotoa jinsi utakavyoniuma. Nilikaa na kalamu yangu ya woga, nikapata jibu ambalo hakuna mtu angeweza kuishi nalo. Jana nimelipima kwa kukaa kwenye kigoda chako. Ni kidogo, Bibi, kidogo kuliko nilivyoogopa. Nimelala, nimeamka, nimekunywa chai. Kuna wakati leo asubuhi niliona haya kwamba ninajisikia vizuri hivi. Lakini si sifuri. Nimepita jikoni hiyo huzuni ipo, nimepita mlangoni ipo, na najua nikirudi chuoni nitaikuta imenitangulia, kiasi kile kile. Watu wananiambia siku zikiongezeka itakuwa nyepesi kama tui. Mimi nadhani itabaki kasimile. Na nimeona naweza kuishi nayo, naipenda hata, kwa sababu ni ya kwako.

Kuhusu hamira tumepatana. Ataitia Shangazi Pili, na sisi wawili tutatazama, hakuna tena kupeana kisogo. Kesho meza yako inarudi barabarani. Yule mteja wako, dereva wa lori la Makurunge, kila asubuhi anapunguza mwendo hapa mbele, anatazama, anaona hakuna, anakwenda zake. Kesho atasimama. Kigoda tutakiacha pale pale kilipo. Mimi narudi chuoni mwisho wa wiki, na naahidi sitaacha kusoma kitu ambacho hakipo. Jibu likipatikana nitakuja kukusomea kaburini, na Bi Tatu nitamleta asikie. Mpaka siku hiyo, kila nikija nitajiuliza mwenyewe kwa sauti yako kama tumeshapata, nitajijibu bado, na nitakula.

Lala salama, Bibi. Mungu akupanulie huko uliko kama alivyopanua mbingu, na akukutanishe na yule bibi yako wa Miono mchekane.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeitwa barazani. Nimempelekea mume wetu kipande kilichobaki cha jana. Amesema sukari haitoshi.

Nimeshamjibu.

Mke mwenzio,
Zena